Sikuwaona Wakilala

Nilimjua kwa ugomvi. Nilikuwa nauza katika duka moja la agroveti pale Kibwezi: mbegu, dawa za ng'ombe, na zile chupa zenye alama nyekundu ambazo wakulima hununua bila kusoma kilichoandikwa juu yake. Mzee mmoja mwenye koti la kijani lililochujuka aliingia, akashika chupa moja, akaanza kuisoma kwa sauti mbele ya wateja wangu, kutoka juu mpaka pale panapoelezwa dawa hiyo itawafanya nini nyuki, samaki na ndege. Kisha akaniuliza kama ninawasomea watu maneno hayo kabla ya kupokea hela zao. Nikamwambia kama hanunui aturudishie chupa yetu. Akacheka mpaka akakohoa. "Daktari wa sumu," akasema, na jina hilo likanikaa.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kugombana naye, na mimi nilikuwa na ulimi. Siku moja aliinua kidole juu, kuelekea bati la duka, akaniuliza ni nani anayeimba pale. Nikasema ni ndege. Ndege gani? Ndege tu. Alinitazama kwa huruma ambayo iliniudhi kuliko matusi. "Jumapili ukitoka kanisa, kuja mtoni," akasema. Nilienda kwa hasira, nimemaliza ibada, bado nimevaa viatu vya kanisani, ili tu nimwonyeshe kwamba mimi si mjinga.

Nilikuwa mjinga. Aliniambia hivyo saa ile ile.

Alikuwa bwana shamba mstaafu. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kuongoza magari ya dawa dhidi ya kwelea, wale ndege wadogo wenye mdomo mwekundu wanaoshukia mtama kwa malaki na kuumaliza ukiwa bado una maziwa. Asubuhi baada ya kunyunyiza, yeye ndiye aliyetumwa kuokota mizoga na kukadiria wamekufa wangapi. Ndipo akaona kwamba ndani ya magunia yake hawakuwa kwelea peke yao. Akaanza kuwatoa wale wengine, kuwapanga chini kwa mstari, na kuwatafutia majina kitabuni. "Mimi ndege wote nilijua kwanza wakiwa wamekufa," aliniambia. "Sasa nataka kujua wale wazima, kabla sijakufa mimi."

Siku hizi kila mtu anamwita mtaalamu. Enzi hizo walimwita mzee wa ndege, na hawakuwa wanampa heshima. Vijana wa bodaboda walikuwa wakimwona na darubini yake shingoni wanamlilia kama kunguru, naye anawajibu kwa sauti ya kunguru iliyo bora kuliko yao.

Hakunifundisha kwa upole. Nikisema yule ni mnana, anauliza mnana gani, alikuwa anafanya nini, ameondoka kuelekea wapi. Nikisema sikuona alikoelekea, ananigeuzia mgongo, tunatembea robo saa bila neno. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata mvua ilipotukuta: ndege hujamwona mpaka aondoke mwenyewe au giza likunyang'anye. Kwa hiyo tulisimama ukingoni mwa mto tukiliwa na mbu, mimi ninawaza ugali ambao sijasonga, yeye anangoja yangeyange watulie juu ya mgunga. Wanatua, wanaruka, wanatua tena. "Hao bado," anasema. "Hao wanajaribu kitanda." Mpaka kundi zima linyamaze kabisa, ndipo aandike daftarini kwamba wamelala, ni wangapi, na ni saa ngapi.

Tulikwenda hivyo Jumapili kwa Jumapili, karibu miaka mitatu. Darubini yake ilikuwa na jicho moja lililoingia ukungu, na kila tulipobadilishana alinikabidhi akiwa ameigeuza ili jicho zima lije upande wangu. Nilimpenda mzee yule. Ninalisema sasa hivi kwa sababu huko mbele halitaonekana.

Mwaka wa tatu, mtama wa mama ulipoanza kutoa maziwa, mama alinipigia simu kutoka kwetu, upande wa Tulia. Hakuwa analia, alikuwa amekauka sauti kwa kupiga kelele. Niliomba ruhusa dukani nikaenda. Nilimkuta juu ya ulingo katikati ya shamba, kombeo mkononi, midomo imepasuka, na majirani wote hivyo hivyo kwenye malingo yao, wanapiga madebe tangu alfajiri. Kwelea wakifukuzwa hapa wanashuka pale. Masuke upande wa chini yalikuwa tayari meupe, yamebaki makapi. Mvua za mwaka uliotangulia hazikutupa kitu, na mama alikuwa amepanda mbegu zote alizokuwa nazo.

Ofisi ya kilimo ilikuwa na gari la dawa, lakini gari halinyunyizi shamba. Linanyunyiza mahali ndege wanapolala, na lazima mtu apaone kwanza. Kwenye baraza ya chifu mama mmoja akasema, "Si huyu msichana wa hapa ni mtu wa ndege? Si anafundishwa huko Kibwezi?" Watu wakanigeukia. Nilikuwa sijawahi kutazamwa hivyo kijijini kwetu, mimi ambaye nilijulikana kwa kuuza dawa ya kupe. Nikasimama. Ilinipendeza sana kusimama.

Afisa wa ofisi hiyo akanieleza masharti. Gari lilikuwa na siku moja tu kwetu, kesho yake, kisha lielekee Mwingi. Kama ningempa jibu kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni ile, wangekuja. Nikikosa, basi.

Chini ya kijiji kuna silanga, bwawa la kuchimbwa, lenye matete upande mmoja. Nilikaa pale kuanzia saa kumi. Saa kumi na moja na nusu wakaja, fungu juu ya fungu, wakashuka majini, wakanywa, wakajitupa kwenye matete mpaka yakainama. Niliona midomo myekundu kwa macho yangu. Mpaka hapo sikukosea hata kidogo. Lakini simu pale chini haishiki. Mtandao unapatikana kwenye kilima cha kanisa, mwendo wa dakika ishirini, na jua lilikuwa bado lipo. Nikawatazama mara ya mwisho, wanarukaruka, wanagombea matete. Nikawaacha, nikapanda kilima.

Nilimpigia mzee kwanza, kwa sababu afisa alikuwa ameniambia kwamba ofisi haiwezi kwenda kwa neno langu peke yangu. Wangemuuliza yeye, wanamjua.

"Ni kwelea?" akauliza.

"Ni kwelea, Mzee. Midomo nyekundu. Ni wengi, huwezi amini."

"Wamelala?"

Kutoka pale juu niliona kipande cha maji tu, matete yalikuwa yamezibwa na miti. "Wamelala," nikasema.

"Mpaka wakanyamaza?"

"Mpaka wakanyamaza."

Nilisikia redio yake nyuma, taarifa ya habari. "Nipe siku mbili nikuje tuangalie pamoja," akasema.

"Gari inaenda Mwingi, Mzee. Mama hana siku mbili."

Akazima redio. "Sawa, daktari. Kama wewe umewaona wakilala, basi wamelala. Nitawaambia hivyo."

Akawaambia hivyo. Kesho yake jioni gari likaja, watu wamevaa barakoa na glavu, sisi tukazuiwa mbali kule juu. Nilichoona ni ndege wengi wakiingia matetani giza likiwa linashika, na mngurumo wa mashine. Kina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu alinishika mkono akauminya, yeye ambaye si mtu wa kushika watu. Nilikuwa na furaha siku ile, sitasema uongo mwingine juu ya hilo.

Asubuhi nilishuka mapema na nikawakuta watu wamenitangulia na mabeseni. Kwelea kwetu ni kitoweo, na ijapokuwa afisa alikuwa ametangaza kwamba wa dawa hawaliwi, njaa haisikii matangazo. Nikapita katikati yao nikitazama chini. Kwenzi wa rangi ya majivu, wale wanaofuata viwavi shambani na kuwala, mamia kwa mamia, wengine bado wanapigapiga bawa. Minana. Keremkerem wa kijani. Yangeyange weupe wamelala kifudifudi kwenye matope. Mwewe wawili waliokuja kula mizoga wakafia juu yake, na bundi mmoja. Nilipekua matete mpaka nikajikata mikono, na sikupata mdomo mwekundu hata mmoja.

Kwelea walikuwa wamekunywa tu. Walikunywa, wakapumzika, na jua lilipozama wakainuka kwenda kulala kwenye vichaka vya miiba nyuma ya kilima, wakawaachia wengine matete. Ningekaa nusu saa zaidi ningewaona wakiondoka. Na saa moja asubuhi, nikiwa nimesimama na bundi yule mkononi, wakapita juu ya kichwa changu na kushuka kwenye mtama wa mama kama kila siku.

Nilikimbia nyumba kwa nyumba nikimwaga masufuria. Watu walinitukana, na mwanamke mmoja alinipiga kwa mwiko. Nyumba moja walikuwa wameshakula, watoto wawili wakatapika mpaka wakalegea, wakabebwa kwa pikipiki hadi hospitali. Walipona. Mbwa na kuku hawakupona.

Mzee alifika alasiri. Hakuna aliyemwita, ofisi ilimpigia tu usiku wa kunyunyiza kwamba kazi imekwisha, naye akaondoka kwake saa ile ile. Hakunisalimu. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akaokota mmoja mmoja, akawapanga kwa mstari penye ardhi kavu, kila aina mmoja, kisha akasema, "Soma." Nikawasoma majina yote. Sikukosea hata jina moja, na ningeomba nikosee, ningeomba anikaripie.

Chifu na afisa wakaja na umati nyuma yao. Kabla hawajafika karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uliwaona wakilala?"

Ningesema hapana. Neno dogo kiasi hicho. Lakini nilimwona mama kwenye umati, kitambaa cha kichwa kimelegea, amesimama na wale ambao angeendelea kuchota maji nao na kukaa nao benchi moja kanisani. "Ndiyo, Mzee," nikasema. "Labda walihama."

Aliniangalia. Kisha akafungua daftari na akaandika kama nilivyosema. Mtu yeyote aliyefanya kazi ya kwelea anajua kwamba wakilala mahali leo, kesho jioni wanarudi hapo hapo, na yeye alikuwa ameifanya maisha yake yote.

Afisa akamwelekezea kidole. "Ni huyu mzee alituthibitishia."

"Ni mimi," akasema mzee. "Ningekuja kuona mwenyewe, sikukuja. Makosa ni yangu, msitafute mtu mwingine."

Wakamrukia yeye. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwake, na hakuna aliyenitazama.

Habari haikukaa Tulia. Kwenye redio ya Kikamba watu walipiga simu wakimcheka mzee wa ndege aliyeua kuku wa wenyewe. Kaunti ilikuwa inamtumia kufundisha vijana wa kulinda mimea, wakamwacha. Wakatafuta mtu aliyejifunza kwake lakini mwenye macho ya ujana, na mtu huyo akapatikana katika duka la agroveti. Ndiyo, niliikubali kazi. Nilisimama mbele ya vijana katika kumbi za Mwingi nikawaambia ndege hujamwona mpaka aondoke mwenyewe au giza likunyang'anye, na wakaandika.

Jumapili ya kwanza baada ya mambo yale nilikwenda mtoni, hakuwepo. Nikaenda kwake. Mkewe akanipa chai, na yeye, gambuti miguuni, akaniuliza habari za mama, za mvua, za bei ya ndengu. Hakutaja ndege. Nilikaa nikingoja aseme twende, mpaka jua likapinda, nikaaga. Ikawa hivyo kila nilipofika. Darubini ilining'inia kwenye msumari na hakuna aliyeigusa. Nje mramba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda, alikuwa akipiga kelele mpaka sikio linauma, na sisi wawili tunazungumza ndengu.

Nikaanza kumkasirikia. Nilijiambia nani alimtuma anibebee kosa langu, mimi sikumwomba. Kama alijua, angesema, angenitukana kama alivyokuwa ananitukana kwa mnana mmoja niliyemkosea. Wema ule ulinichoma kuliko matusi ya kijiji kizima. Nikapunguza kwenda. Mara moja kwa mwezi, kisha mara chache kwa mwaka, kisha Krismasi tu, na kilo mbili za sukari mkononi kama mgeni. Miaka minne. Nilikuwa na sababu kila mwaka: mwanzoni mama, kisha kazi, kisha ukweli kwamba nimechelewa mno na nitaanzia wapi.

Mwaka huu, kiangazi kikiwa kikali, wakanipigia kwamba amelazwa. Nikasema nitakwenda Jumamosi. Alifariki Alhamisi.

Waliomcheka ndio walioleta hema. Chifu alikuja, maafisa walikuja na magari mawili, na mshereheshaji mwenye suti aliyesoma jina la kwelea kwenye karatasi kana kwamba ni ugonjwa. Afisa mmoja akasema marehemu aliwahi kukosea mara moja tu katika maisha yake yote ya kazi, na kosa lile alilikubali mbele ya watu, jambo ambalo sisi wengine tumeshindwa. Watu wakaitikia amina. Kisha wakaita mwanafunzi wake.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema kosa lile halikuwa lake. Nikasema mimi ndiye niliyekwenda kwenye silanga, niliondoka kabla ndege hawajalala, nikamwambia nimewaona wakilala, nikamdanganya kwa simu na nikamdanganya tena uso kwa uso mbele ya mizoga. Nilisema yote, moja baada ya jingine, bila kulia.

Kisha mshereheshaji akanichukulia kipaza sauti taratibu, mkono wake begani kwangu. "Mmeona unyenyekevu, watu wa Mungu?" akasema. "Mmeona mwanafunzi? Hata leo anataka kumbebea mwalimu wake mzigo!" Wakapiga makofi. Nikasema si unyenyekevu, ni kweli, nilidanganya, lakini sauti yangu haikufika hata safu ya pili, na kwaya ilikuwa imeshaanza. Afisa wangu wa kaunti alinipungia mkono kwa fahari.

Baada ya maziko nilikaa peke yangu nyuma ya jiko na sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, niliyopewa. Mkewe akaja akaketi karibu yangu, akakunja leso yake magotini.

"Hao hawakusikia," akasema. "Mimi nimesikia."

"Mama, yeye alijua?"

"Alijua siku hiyo hiyo. Alikuja nyumbani akaniambia, huyu msichana hakuwaona."

"Mbona hakuniuliza tena?"

"Alikuuliza kwa simu, akakuuliza huko. Akasema jibu la tatu utaleta mwenyewe." Alinyoosha leso, akaikunja upya. "Alikuwa anakungoja. Kila Jumapili tukitoka kanisa alikuwa anavaa gambuti zake za mto, anakaa kwa mlango mpaka jioni. Alikuwa anasema ukikuja kumwambia, mtaenda."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili," akasema. "Hata zile ulikuja."